Kima na Matunda: Tuifanye Safari Moja



Ndugu msomaji, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda kuichukua nafasi hii katika jarida letu la mwaka huu kutoa maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa kila mwaka mara tu mitihani inapomalizika, nalo ni safari ya matembezi. Wapo wanaotaka ufukweni, wapo wanaotaka kwenda Jozani kuwaona kima, na wapo, khasa akina mama, wanaotaka kwenda shamba kuangua matunda na kurudi na mapakacha. Aghlabu mabishano huishia ufukweni, kwa kuwa ufukwe hauna kiingilio na hauna mwenyewe wa kumwomba ruhusa.

Mimi sina ugomvi na ufukwe. Ila naona kima na matunda visiwekwe mbele yetu kama safari mbili za kuchagua moja. Viwe safari moja ya siku moja, ya familia nzima, asubuhi kima na mchana matunda. Si kwa ajili ya kubana nauli ya basi, ingawa hilo nalo si dogo. Mtoto anayepelekwa kuona kima peke yake hurudi nyumbani akidhani mkulima ni mtu mkali anayefukuza wanyama wazuri. Na mtoto anayepelekwa kuangua embe peke yake hurudi akidhani kima ni mwizi tu. Wote wawili wameona nusu ya jambo, na nusu hiyo ndiyo watakayoikamata mpaka wakue.

Kwanza tumjue huyo kima mwenyewe. Hapa Unguja tunao wa aina mbili, na watu wengi huwachanganya. Yupo kima wa kawaida, wa rangi ya kijivu, na yupo kima punju, mwenye mgongo mwekundu kama kutu, mabega na mikono myeusi, na nywele nyeupe zilizomzunguka uso kama mzee aliyesahau kuchana. Huyu wa pili hapatikani kwa asili popote duniani isipokuwa hapa kwetu Unguja na visiwa vidogo vilivyo karibu nayo. Wale wachache walioko msitu wa Ngezi, Pemba, walipelekwa na binadamu katika miaka ya 1970. Jina lake la punju maana yake ni sumu. Wazee walimwita hivyo kwa harufu yake, na wengine walisema kuwa mti anaoula hukauka. Katika hesabu iliyofanywa muongo wa 2010 ilikadiriwa kuwa wapo zaidi kidogo ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa zamani, lakini kwa mnyama ambaye dunia nzima haina mwengine, hao si wengi. Mji mdogo tu una watu zaidi ya hao.

Tofauti ya kima hawa wawili ina maana kubwa kwa safari yetu. Kima wa kawaida anapenda matunda mabivu, na ana vifuko mashavuni vya kuwekea anachokipata ili akakile mbali. Huyu tukimkuta mwembeni hatuna haja ya kumtetea sana. Lakini kima punju ni mla majani. Tumbo lake limegawika vyumba vyumba, na ndani yake majani huchachuliwa polepole, ndiyo maana utamwona baada ya kula ameketi tu juu ya tawi, mikono magotini, kama mtu aliyekwisha sahani mbili za pilau. Anapenda majani machanga, vichomozo, maua, na matunda yakiwa bado mabichi. Embe mbivu tunayoigombania sisi, yeye hana haja nayo, kwa sababu sukari ya tunda bivu hulichafua lile tumbo lake. Kwa hivyo mtoto ajue kuwa kuna kima na kima, na asimhukumu mmoja kwa kosa la mwenziwe.

Hapa pana jambo ambalo inasikitisha kuliona. Utakuta mzazi mzima, aliyevaa vizuri, anamrushia kima punju ndizi au biskuti ili asogee karibu na mtoto apigwe picha ya simu. Anadhani amefanya hisani. Anachokirusha ni kitu ambacho tumbo la yule mnyama halikuumbiwa. Zaidi ya hayo, mafua na kikohozi vyetu vinaweza kumwambukiza, kwani mwili wake unakaribiana na wetu, na yeye hana zahanati. Mwenye mafua siku hiyo abaki nyumbani. Tuliobaki tukae mbali naye hatua kadhaa, tusile mbele yake, tusimguse, wala tusimpigie makofi ili ageuke. Kima wa Jozani wamewazoea watu, watakuja wenyewe karibu kuliko utakavyotarajia. Ukikaa kimya robo saa utaona mengi kuliko aliyepiga kelele saa nzima.

Na utaona jambo la ajabu ukiwa na bahati. Kima punju wanaoishi pembeni mwa msitu, upande wa mashamba, hula makaa. Ndiyo, makaa haya haya ya kupikia. Huyaokota kwenye matanuri ya zamani na kwenye visiki vilivyoungua. Wataalamu waliochunguza jambo hili katika miaka ya 1990 walieleza kuwa majani ya mwembe na ya mkungu yana lishe nzuri lakini pia yana vitu vinavyodhuru tumbo, na makaa hunasa vitu hivyo visimdhuru. Watoto hujifunza kwa kuwatazama mama zao. Maalim wetu wa sayansi skuli akisikia hili atafurahi, maana ni dawa ya tumbo ambayo hata hospitalini mtu aliyekula sumu hupewa, makaa yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Hapo neno mwembe limekwisha kutajwa, na hapo ndipo kima na matunda wanapokutana.

Msitu wa Jozani uko kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, na pamoja na ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50. Lakini kima hajui mpaka ulipopita. Upande wa kusini, pembeni mwa kijiji cha Pete, yapo mashamba ya watu yenye miembe, mikungu, mipera na minazi, na kima punju wamejazana huko kuliko msituni penyewe. Wageni wengi wanaopiga picha nzuri za kima, picha hizo huzipiga katika au kando ya mashamba hayo, juu ya mti ambao mtu aliupanda kwa mkono wake. Nani anayelisha kivutio hiki? Mkulima wa Pete. Yeye ndiye mwenye mwembe unaoliwa majani machanga, na yeye ndiye mwenye mnazi unaoliwa vidaka.

Tumesoma sote katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mwislamu akipanda mti, basi anachokula humo mtu, ndege au mnyama huwa ni sadaka kwake. Hadithi hii tunaisikia sana, na nimewahi kusikia watu wa mjini wakiisoma mbele ya mkulima aliyekuwa akilalamikia hasara yake, kama vile wanamfunga mdomo. Kwa maoni yangu hilo si matumizi mazuri ya maneno mema. Maneno hayo yanampa bishara mwenye mti. Hayatupi sisi, tuliokuja na basi la kukodi, haki ya kumhesabia sadaka mtu kwa mali ambayo si yetu. Mwenye kutaka kima aishi naye atoe chake.

Na njia ya kutoa ipo, nyepesi kabisa: lipa kiingilio. Kwa miaka mingi sehemu ya mapato ya mlangoni imekuwa ikitengwa kwa ajili ya vijiji vinavyozunguka msitu na kwa wakulima ambao kima hula mashambani mwao. Sisi wenyeji tunalipa kidogo sana kuliko wageni. Lakini wapo wanaoona ujanja kusimamisha gari barabarani, wakashuka, wakawatazama kima wanaovuka, wakapiga picha na kuondoka bila ya kutoa hata shilingi. Huo si ujanja. Na ni hatari pia, kwa sababu barabara ile imewaua kima wengi. Ilipotiwa lami vizuri katika miaka ya 1990 magari yalianza kukimbia, na ilikadiriwa kuwa kima mmoja alikuwa akigongwa kila wiki mbili au tatu. Yalipowekwa matuta vifo vilipungua, na utafiti wa miaka ya karibuni umeona kuwa ni kiasi cha mmoja kwa wiki sita. Kila tunapolalamika kuwa matuta ya Jozani yanatuchelewesha, tukumbuke yamewekwa kwa ajili ya nani. Dereva wetu wa safari aambiwe hilo kabla hajawasha gari.

Juu ya vidaka vya nazi, lipo jambo ambalo ningependa wanafunzi wakubwa walifikirie. Wakulima wengi wanaamini kima anapunguza mavuno ya nazi. Ni imani inayoeleweka, kwani mtu anaona kwa macho yake kidaka kinaanguka kimeng'atwa. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliofanywa katika mashamba hayo hayo, ulikuta kwamba minazi iliyoliwa vidaka zaidi haikutoa nazi chache. Kinyume chake, ilitoa zaidi. Maelezo yake ni kuwa mnazi huangusha wenyewe vidaka vingi usivyoweza kuvilea, na kima anapopunguza baadhi mapema, vinavyobaki hukua vizuri. Mwenye kupogoa miti analijua hili. Sisemi kwamba mkulima ni mwongo. Analoliona ni kweli, ila ameona kidaka kilichoanguka na hakuhesabu nazi zilizokomaa. Na utafiti ule ulikuwa wa nazi. Haukusema lolote la kumfariji mwenye mpera au mwembe. Mtoto aliyesimama chini ya mnazi akaonyeshwa kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, akasikia malalamiko ya mwenye shamba na akasikia pia hesabu ya watafiti, huyo amepata elimu ambayo darasani haimo.

Basi kufika hapo saa inakaribia tano, watoto wameshachoka kuangalia juu, na kima wenyewe wameanza kulala. Hapo tupande basi kwenda kwenye matunda.

Ardhi ya Jozani na kusini yote kwa jumla ni ya mawe, udongo wake ni mchache. Matunda mengi yako upande wa magharibi na katikati ya kisiwa ambako udongo ni mzito: Kizimbani, Dole, Kidichi, Ndijani. Huko ndiko mikarafuu ilikoanza kupandwa mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa mwendo wa basi tunapita Tunguu na kupanda huko, na njiani mtoto mwenye macho ataona mimea inavyobadilika. Sali adhuhuri msikiti wa kijiji, kula mlichobeba, kisha muingie shamba.

Kuingia shamba kuna adabu yake, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Nimeona familia zikiingia mashambani kama kwamba matunda huota kwa ajili ya wapita njia. Watoto wanarusha mawe mwembeni, zinaanguka embe kumi, wanakula mbili, nane zimepasuka. Aya ya 141 ya Suratul An'aam inatuamrisha tule matunda yanapozaa, tutoe haki yake siku ya kuvuna, na tusifanye israfu. Embe nane zilizopasuka ndiyo israfu yenyewe, haihitaji tafsiri ndefu.

Kisha kuna suala la mwenyewe. Unamkuta mzee amekaa chini ya mti, unamwomba, anakukubalia, unadhani umemaliza. Kumbe miti ile ameshaiuza kwa mchuuzi msimu mzima, na yeye hana tena tunda hata moja la kukupa. Hapa kwetu kukodisha mti ni jambo la kawaida, kwa karafuu na kwa matunda. Kwa hivyo ulizeni mara mbili: mti wa nani, na matunda ya nani.

Na hapo ndipo nawaambia walimu wenzangu: someni somo la biashara chini ya mti. Wanafunzi wetu wamehifadhi kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha dalili ya kuiva. Waulize kwa nini, watajibu ili mnunuzi asidhulumiwe ikitokea maafa. Vizuri. Lakini waulize dalili hiyo inaonekanaje kwenye embe, kwenye chungwa, kwenye shokishoki, wengi watanyamaza, kwa sababu matunda wanayaona sokoni Darajani yakiwa yameshapangwa mafungu. Mwaka juzi nilimwuliza kijana mmoja hodari wa fiqhi anionyeshe embe ambayo inajuzu kuuzwa katika mti uliokuwa mbele yetu. Aliutazama mti kwa muda mrefu. Dada yake mdogo, ambaye analelewa na bibi yake shamba, akanyoosha kidole bila ya kusita, juu kushoto, ile iliyoanza kunawiri shingoni. Binti yule ana miaka saba. Akaniuliza na yeye swali lake: kima akila embe ya mtu bila ya ruhusa anapata dhambi? Nikamwambia kima hakuandikiwa hesabu, sisi ndio tulioandikiwa. Akasema basi kima ana raha. Sikuwa na jibu la haraka.

Kuhusu kuangua kwenyewe sina mengi, wenye mashamba watawafundisha. Tumieni upembo, si mawe. Tunda lishushwe, lisipigwe. Wasiozoea wasipande mti, khasa baada ya mvua. Fenesi lina utomvu unaoganda mikononi kama gundi, chukueni mafuta ya nazi ya kujipaka kabla ya kulikata. Jihadharini na upupu vichakani. Embe na shokishoki mtazipata kwa wingi miezi ya Disemba na Januari, machungwa katikati ya mwaka. Doriani nitaliombea radhi mapema: tamu ni tamu, lakini doriani na basi lililofungwa madirisha havipatani. Anayelitaka alile huko huko, amalize.

Nunueni pia, msiangue tu. Mkulima akikuruhusu kula shambani kwake, mnunulie mapakacha mawili ya kwenda nayo nyumbani kwa bei asemayo, wala usianze kumpunguzia kama uko mnadani. Mtu amekuacha umeingia na watoto kumi na wawili.

Najua yatasemwa mawili matatu. Itasemwa kwamba matembezi haya ni anasa na fedha zingenunua misahafu. Misahafu tunayo, alhamdulillahi, na mingine imejaa vumbi kabatini. Na gharama ya safari hii ni basi, kiingilio cha mwenyeji na chakula cha kubeba. Familia isiyoweza kukodi gari inaweza kupanda daladala za Makunduchi au Jambiani, zinapita mlangoni mwa msitu. Itasemwa kuhusu mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Ndiyo maana nimesema safari ya familia: baba na mama wapo na watoto wao, hakuna mtu aliyepotea kichakani. Na itasemwa kuwa kima ni mnyama tu. Qur-ani katika sura hiyo hiyo ya An'aam, aya ya 38, inawaita wanyama na ndege kuwa ni umma kama sisi. Neno umma limetumika pale. Sikulitia mimi.

Kuna hoja moja ambayo naiona nzito zaidi, nayo ni ya wazee wa kutoka vijiji vya kusini wenye watoto katika madrasa yetu. Mmoja wao aliniambia kwamba sisi wa mjini tunakuja kumtazama kima nusu saa na kuondoka, na wao ndio wanaolala naye. Ni kweli. Ndiyo maana napendekeza kwamba mwaka huu safari isiongozwe na waalimu peke yetu. Tumwombe mmoja wa wazee hao atangulie mbele, atuonyeshe shamba lake na hasara yake kwa kidole kabla hatujaingia msituni, na watoto wamwulize wanachotaka. Kamati ya safari ikikubali, tuchague Jumapili moja ya Januari skuli hazijafunguliwa, basi liondoke madrasani saa 1 kamili asubuhi, na kila familia ilete pakacha lake, chupa ya maji na mfuko wa kurudishia taka. Majina yaandikwe kwa katibu kabla ya mwisho wa Disemba, na mwenye mtoto anayetapika garini aseme mapema ili akae mbele.

Wabillahi tawfiq.